Likasi na kura ya mitaa: kutoka Jadotville ya 1957 hadi gare ya 1992

Tarehe 20 Desemba 2023 wakaaji wa Likasi walisimama mbele ya mashini ya kupigia kura na kuchagua mara tatu: rais wa Jamhuri, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo. Kisha wakarudi nyumbani. Siku ileile, kilomita 120 hivi kusini, ndugu zao wa Lubumbashi walichagua mara ya nne. Katika komini saba za Lubumbashi, watu walichagua washauri wa komini, kwa sababu CENI ilikuwa imeamua kwamba safari hiyo kura ya komini ingefanyika katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Likasi si mji mkuu wa jimbo. Basi Kikula, Panda, Shituru na komini ya Likasi yenyewe hazikuchagua mtu wa kuzisimamia.

Vijana wengi waliona ni jambo la kawaida. Lakini wazee wanaokumbuka jina la Jadotville wanajua kwamba mji huu ulikuwa kati ya miji mitatu ya kwanza ya Kongo nzima kupiga kura ya komini. Ulitangulia Bukavu, ulitangulia Kisangani, ulitangulia hata Kananga. Ni Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Mwaka ulikuwa 1957, mwezi wa Desemba.

Ubelgiji haukutoa kura ile kwa mapenzi makubwa. Dekreti ya tarehe 26 Machi 1957 iliyoweka sheria mpya ya miji iliita jambo lile "mashauriano," si uchaguzi. Maana yake, watu waseme wanamtaka nani, halafu serikali ya koloni ndiyo iteue bugumestre. Na juu ya mabugumestre wote akakaa bugumestre wa kwanza, Mzungu, aliyewekwa na serikali. Waliopiga kura ni wanaume peke yao, wenye miaka 25 na zaidi. Mama aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kumtayarishia mume wake chakula cha zamu ya Shituru hakuhesabiwa. Wanawake wa Kongo walipata haki ya kura mwaka 1967 tu.

Hata hivyo lilikuwa jambo kubwa. Tangu Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, mfanyakazi mweusi wa Katanga alikuwa na namba, na posho, na nyumba ya kampuni, na kapita wa kumwamrisha. Alipodai mshahara Desemba 1941, askari walijibu kwa risasi, huko Elisabethville na hapa Jadotville. Miaka 16 baadaye, mtu yuleyule akapewa karatasi na kuulizwa: unamtaka nani akuongoze? Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Swali hilo likazaa lingine, ambalo halijaisha hadi leo: ni nani mwenye mji?

Kwa kulielewa, lazima turudi kwenye njia ya reli. Katanga ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache. Kampuni ilitafuta mikono mbali: kwanza Rhodesia ya Kaskazini, kisha Ruanda-Urundi, na zaidi Kasai. Reli ya BCK ilipofika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwaka 1928, njia kati ya Kasai na mashimo ya shaba ikawa wazi. Karibu na wakati huohuo Union Minière ikabadilisha siasa yake: badala ya kuchukua vijana kwa miezi michache na kuwarudisha, iliwaambia walete wake zao, wazae, wasomeshe watoto kambini. Ndivyo mtoto wa wazazi wa Kasai alivyozaliwa Panda, akasoma Panda, akaajiriwa Panda, na kuzeeka bila kumjua mtu yeyote Mbuji-Mayi isipokuwa majina aliyotajiwa na baba yake. Wengi walikuwa wamesoma shule za misioni mapema, wakawa makarani, wauguzi na walimu.

Sheria ya 1957 haikuuliza asili ya mpiga kura. Iliuliza anakaa wapi. Na matokeo yake yalishtua watu wengi. Elisabethville, mabugumestre wa komini za Waafrika walitoka wote nje ya Katanga. Hakuna wizi uliofanyika. Watu wa Kasai na Kivu walikuwa wengi mjini, walikuwa wamejipanga katika vyama vyao vya kusaidiana, na walipiga kura kwa umoja. Lakini Balunda, Babemba, Bayeke na wengine walijiona wageni katika udongo wa babu zao.

Jibu halikuchelewa. Oktoba 1958 ikaanzishwa CONAKAT. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa mfalme Msiri wa Bunkeya. Baada yake akaja Moïse Tshombe. CONAKAT ilisema uongozi wa Katanga ni wa "Wakatanga halisi." Neno hilo "halisi" ni fupi, na limefanya kazi nyingi mbaya, ingawa malalamiko yaliyolizaa yalikuwa ya kweli. Mtu wa kijiji cha karibu aliyekosa kazi ya ofisi mjini hakuwa mwongo. Tena Wazungu walowezi walioogopa uhuru wa Kongo nzima walifurahi kuyasikia malalamiko yale, na wakayatia mafuta.

Baluba wa Katanga, chini ya Jason Sendwe, waliingia kwanza CONAKAT kisha wakatoka Novemba 1959. Wakaungana na chama cha watu wa Kasai, FEDEKA, cha Isaac Kalonji, na chama cha Batshokwe, ATCAR. Muungano huo uliitwa Kartel. Mei 1960 ukafika uchaguzi wa wabunge wa taifa na wa jimbo. Hapo hesabu ni muhimu, kwa sababu watu wengi wanadhani Tshombe alishinda kwa mbali. Bunge la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. CONAKAT ilipata 25. Kartel ilikuwa nyuma kwa viti vichache tu. MNC ya Lumumba ilipata kimoja. Waliobaki walikuwa watu huru na wa vikundi vidogo, na wengi wao waliegemea CONAKAT.

Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Kartel ikakaa nje, hesabu ikakosekana. Basi Bunge la Brussels, katikati ya Juni 1960, wiki mbili kabla ya uhuru, likabadilisha sheria ili wingi wa kawaida utoshe. CONAKAT ikachukua serikali. Mchezo ulikuwa umekwisha kuanza, na mwamuzi akasogeza goli.

Jadotville yenyewe ilitoa mtu mmoja ambaye vitabu vya historia vinamtaja kwa upesi na kupita. Victor Lundula, Mtetela, aliyekuwa sajenti wa Force Publique wakati wa vita vya pili vya dunia, alikuwa bugumestre hapa Jadotville. Askari walipoasi siku chache baada ya uhuru, Lumumba alihitaji mkuu wa jeshi mweusi mara moja. Tarehe 8 Julai 1960 akamteua Lundula, na chini yake, kama mkuu wa stafu, akamweka kijana aliyeitwa Joseph-Désiré Mobutu. Bugumestre wa mji wa shaba akawa jenerali wa jeshi la taifa kwa siku moja! Siku tatu baadaye, tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza Katanga ni nchi yenye kujitawala. Kufika Septemba Lundula alikuwa amefukuzwa kazi, na yule kijana wa chini yake ameshika jeshi.

Nchi ile ya Tshombe ilidumu miaka miwili na nusu. Wenye asili ya Kasai na Baluba wa Sendwe wakahesabiwa maadui wa ndani. Mwaka 1961 maelfu kwa maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kando ya Elisabethville, wakalala chini ya magunia na mabati, hadi waliposafirishwa kaskazini na Kasai mwaka uliofuata. Hapa Jadotville, Septemba 1961, kikosi cha askari wa Ireland wapatao 150 kilizingirwa siku tano na kujisalimisha maji yalipowaishia. Filamu imetengenezwa juu ya vita hivyo. Juu ya wakaaji waliojificha vitandani siku hizo tano, hakuna filamu. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini tarehe 3 Januari 1963, na mwezi huohuo mambo yakaisha Kolwezi.

Kura ya mitaa ilifia humo. Wakati wa Mobutu, Jadotville ikawa Likasi mwaka 1966 na komini zikaja kuitwa zone. Kura zilikuwepo, ndiyo, lakini za chama kimoja. Novemba 1970 mpiga kura alipewa karatasi mbili, ya kijani kwa tumaini na nyekundu kwa fujo, na nchi nzima ilihesabiwa watu 157 waliochagua nyekundu. Mwaka 1975 hata karatasi ziliachwa: watu walikusanywa uwanjani, majina yakasomwa, wakapiga makofi.

Wakati mlango ulipofunguliwa tena, Aprili 1990, swali la 1957 lilikuwa limekaa palepale likingoja. Hapa ndipo familia nyingi zinazofuatilia habari hizi kutoka Mwene-Ditu, Kananga na Mbuji-Mayi zinajua mambo kuliko kitabu chochote. Gabriel Kyungu wa Kumwanza na Étienne Tshisekedi walikuwa wamesimama pamoja: wote wawili walikuwa kati ya wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ile ya 1980. Miaka kumi na miwili baadaye walikuwa pande mbili. Kyungu alikuwa gavana wa Shaba, na chama chake cha UFERI kilikuwa cha Nguza Karl-i-Bond, waziri mkuu. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, kule Kinshasa, ukamchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu badala ya Nguza. Wenye asili ya Kasai wakafurahi barabarani. Katika siku hizohizo moto ukawaka Likasi.

Vijana wa UFERI walipita kartie kwa kartie. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, majirani wa miaka thelathini wakaitana bilulu, yaani wadudu. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia gare. Walikaa pale kwenye saruji, na katika shule za karibu, majuma na miezi, mvua ikiwanyeshea, wakingoja treni ya kwenda nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Watoto walizaliwa gareni, wazee walizikwa kutoka gareni. Treni ilipopatikana ilijaa hadi juu ya mabehewa, ikapanda kwa Tenke, Bukama, Kamina, na njiani wengine wakashushwa wakiwa wamekufa. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi.

Mji nao ulilipa. Walimu, wauguzi, mafundi wa Shituru waliondoka kwa pamoja. Gécamines ilikuwa imekwisha kuumizwa na kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990. Ikaanguka kutoka tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 hadi chini ya 50,000 kufika 1994. Wale waliobaki na nyumba za waliofukuzwa walibaki nazo bila mshahara.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote nchini. Baadhi ya waliofukuzwa walirudi. Tangu hapo Likasi imechagua marais na wabunge mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Meya na mabugumestre wake wameendelea kuteuliwa, ijapokuwa sheria ya Oktoba 2008 juu ya mitaa yenye kujisimamia inasema watachaguliwa na baraza, na baraza litachaguliwa na wakaaji.

Siyo jambo la heshima tu. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mtaa wenye kujisimamia ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inaingia moja kwa moja, bila kupitia Kinshasa. Baraza la komini ndilo lingeuliza imenunua nini: bomba la maji, paa la shule, au gari la mkubwa. Bila baraza, anayeuliza ni mkaaji mmojammoja mbele ya mlango wa ofisi, na mlinzi anamwambia arudi kesho.

Na mwaka 2023, Masisi, Rutshuru na Kwamouth hazikupiga kura hata moja, kwa sababu ya vita. Familia zilizokimbia kutoka huko zilikuwa na kadi mfukoni au hazikuandikishwa kabisa, zikiwa zimelala katika mji wa wengine ambao wanaye mbunge.

Mwanaume mdogo kabisa aliyeruhusiwa kupiga kura Jadotville Desemba 1957 alizaliwa mwaka 1932. Kama bado yu hai, popote alipo, Kikula au Kananga, amepita miaka 90. Hakuna mtoto wake wala mjukuu wake aliyezaliwa Likasi ambaye, katika jamhuri hii ya tangu 2006, amepata kuchagua mshauri wa komini yake.