Meno ya Gurudumu: Historia ya Gea Katika Magari Madogo ya Mbio

Kitu kidogo aghalabu hudharauliwa na jicho, lakini akili ikikichunguza hukuta ndani yake kanuni ile ile iendeshayo kitu kikubwa. Gari dogo la mbio, lile liendalo kwa umeme juu ya njia yenye mfuo, ni kitu cha namna hiyo. Urefu wake haufiki shubiri. Chini ya pua yake pana ulimi uingiao katika mfuo na kuliongoza, na kando ya mfuo pana tepe mbili za chuma ziletazo umeme. Mchezaji hana usukani. Ana kidude cha mkononi cha kuongeza na kupunguza umeme, basi. Watu wengi walioyatazama magari haya walidhani ya kuwa ushindi umo katika mota. Historia yake yaonyesha vingine. Mota hutoa nguvu, lakini magurudumu ya meno, yaani gea, ndiyo yaamuayo nguvu hiyo itumikeje.

Fikira ya kushindanisha magari ya umeme juu ya njia ni ya zamani. Kampuni ya Lionel ya Marekani ilitoa magari ya namna hiyo mwaka 1912, lakini mchezo haukushika mizizi. Huko Uingereza, baada ya Vita vya Pili, Fred Francis alianzisha kampuni ya Minimodels, na mwaka 1952 akatoa magari ya bati yaliyoitwa Scalex. Yaliendeshwa kwa kamani kama ya saa, nayo ilijazwa kwa kulirudisha gari nyuma huku gurudumu la tano, lililofichwa chini ya tumbo, likisugua sakafu. Gari la kamani lina ila moja: likiisha kuachiwa, mchezaji hana amri juu yake tena. Francis aliiondoa ila hiyo kwa umeme. Katika maonyesho ya vitu vya kuchezea huko Harrogate, Januari 1957, alitoa Maserati na Ferrari ndogo za bati zilizokimbia katika njia ya mpira, akauita mchezo wake Scalextric. Mwaka 1958 aliiuza kampuni kwa Lines Bros, na kufika 1960 magamba ya plastiki yalikuwa yameanza kushika mahali pa bati.

Marekani nayo ilifuata. Mwaka 1960 kampuni ya Aurora ilianza kuuza magari madogo zaidi, na mwaka 1963 ikayatia mota bapa kama chapati, ambayo mhimili wake ulisimama wima. Nguvu yake ilipita katika safu ya gea zilizolazwa juu ya bamba, kisha ikateremka hadi ekseli ya nyuma. Mtoto aliyeondoa gamba la gari hilo aliziona gea zote waziwazi, na bila ya mwalimu alianza kujiuliza kwa nini moja ni kubwa na nyingine ni ndogo.

Swali hilo ndilo kiini cha habari yote. Mota ndogo huzunguka upesi sana, lakini mvuto wake ni dhaifu. Kwa mfano, mota izungukayo mara 18,000 kwa dakika, yenye gea ya meno 9 juu ya mhimili wake, itaizungusha ekseli yenye gea ya meno 27 mara 6,000. Gea ya ekseli ikibadilishwa kwa ile ya meno 24, ekseli itazunguka mara 6,750, ikiwa mwendo wa mota haukupungua. Mwendo umeongezeka kwa sehemu moja ya nane. Lakini nguvu ya kuvuta imepungua kwa sehemu moja ya tisa. Gari litapaa katika njia iliyonyoka, ila litachelewa kutoka katika kona, na litachelewa vile vile kusimama, kwa maana mota ndiyo breki yake. Hapana gea itoayo vyote viwili. Mtaka yote hukosa yote, na mshindi ni yule aliyeipima njia kwanza, ndipo akachagua meno.

Mahali pa mota pia palibadilisha kazi ya gea. Hapo mwanzo mota nyingi zililala kwa urefu wa gari, na gea ndogo ilikutana na gea kubwa mfano wa taji kwa pembe mraba. Baadaye mafundi waliilaza mota kwa upana, mhimili wake ukawa sambamba na ekseli. Hapo hesabu nyingine ilizaliwa. Gea za meno 11 na 36 zina jumla ya meno 47. Fundi atakaye mwendo zaidi huweka 12 na 35: jumla ni ile ile, kwa hiyo umbali baina ya mihimili haubadiliki na mota haisogezwi. Mnamo mwaka 1968 ulipatikana mtindo wa tatu, wa kuilaza mota mshazari, ambao uliwezesha mota kubwa kukaa karibu na ekseli.

Meno hayana budi kuwa ya kipimo kimoja. Gea iitwayo ya 48 ina meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo chake, kikipimwa pale meno yanapoumana. Haipatani kamwe na ya 64. Katika idadi ya meno pia mna hekima ya kale. Gea ya 9 ikiumana na ya 27, kila jino la ndogo hukutana na meno matatu yale yale daima, na jino lenye kasoro huyala hayo tu. Ikiwekwa ya 28, kila jino hukutana na meno yote kwa zamu, na ulaji hugawanyika sawasawa. Mafundi wa vinu vya kusagia nafaka vya Ulaya waliijua siri hii ya kuongeza jino moja kabla mota ya umeme haijafikiriwa.

Plastiki ni nyepesi na haina kelele, lakini joto huilainisha na nguvu kubwa humemenyua meno yake. Mota zilipozidi kuwa kali katika miaka ya 1960, washindani walikimbilia madini: shaba ya manjano na chuma cha pua kwa gea ndogo, alumini kwa gea za ekseli. Lakini madini hayasamehe fundi mvivu. Gea zikibanana mno husagana, na nguvu hugeuka joto. Zikiachana mno huruka na kuvunjana. Kwa hiyo fundi hutia ukanda wa karatasi nyembamba baina ya meno, huikaza gea ya ekseli kwa skrubu yake ndogo isiyo na kichwa, kisha huitoa karatasi. Nafasi inayobaki ndiyo pumzi ya gea. Mwishowe huzungusha gurudumu kwa kidole duru nzima. Likigoma mahali pamoja, ama ekseli imepinda au gea haikukaa katikati.

Katikati ya miaka ya 1960 kumbi za mashindano zilifunguliwa kwa wingi Marekani, zenye njia kubwa za kukodishwa kwa saa. Kabla muongo haujaisha nyingi zilifungwa. Magari yalikuwa yamekuwa ya ghali na ya kasi mno, hata mgeni aliyeingia na gari la dukani alishindwa kabla ya kujifunza. Walioufuata mwendo peke yake waliupata, wakampoteza mchezaji.

Mchezo haukufa, bali ulirudi kwa wenye subira. Hata leo viwanda vya Ulaya, kama Slot.it cha Italia, huuza gea za idadi mbalimbali za meno, na mtu mzima hukaa usiku akibadilisha jino moja kwa jingine. Kazi hiyo yaweza kuonekana ya kitoto. Lakini yule aliyeisha kuelewa kwa nini 12 na 35 zaweza kukaa mahali pa 11 na 36 amekwisha kushika kanuni moja na fundi wa saa, wa kinu na wa motokaa. Naye ameijifunza kwa kitu kinachokaa katika kiganja chake.