Nasaba ya Ndagala na Hukumu ya Macho

Mtu asimamaye alfajiri kwenye mwalo wa Bujumbura, mitumbwi iliyokesha na taa zake inaporejea na wachuuzi wakigombea ndoo za kwanza za ndagala, haoni mbele yake mas'ala yoyote ya kielimu. Aonacho ni kitoweo na bei yake. Walakini samaki huyu mdogo, ambaye jirani zetu wa Kigoma humwita dagaa, ni mgeni wa ajabu katika nchi iliyo mbali na bahari kiasi hiki, kwa kuwa jamaa zake walio wengi duniani ni wakazi wa maji ya chumvi. Amefikaje huku? Swali hilo ndilo nitakalolitumia kupimia thamani ya elimu ya kusoma vinasaba. Na dai langu, heri nilitaje mapema, ni kwamba elimu hii imetengua hukumu nyingi za macho, lakini haikuyapa macho ruhusa ya kustaafu.

Shauri lenyewe lina umri. Mwingereza J. E. S. Moore, aliyelizuru Ziwa Tanganyika mara mbili katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, alipoona kuwa humo wamo yavuyavu, viumbe laini ambao mtu wa pwani huwajua baharini, na makombe ya konokono yaliyomkumbusha visukuku vya bahari za zama za Jurasi, alikata shauri kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofungiwa bara, na mwaka 1903 akalitolea kitabu. Msafara wa W. A. Cunnington wa 1904 na 1905 ulirudi na ushahidi wa kumkanusha, na wanajiolojia nao wakabainisha kwamba ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470, ni mtoto wa bonde la ufa, ambaye umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Dhana ya Moore ikazikwa. Ndagala akabaki na fumbo lake.

Hapo ndipo vinasaba vilipoitwa kutoa ushahidi. Madhali kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake maandishi ya herufi nne tu, yanayonakiliwa kizazi baada ya kizazi huku makosa madogo madogo yakijilimbikiza katika nakala, mtu akizilinganisha nakala za samaki wawili na kuhesabu mahali zinapohitilafiana hupata kipimo cha umbali wa udugu wao, na akiwa na kisukuku chenye umri ujulikanao aweza hata kukadiria walitengana lini. Anthony Wilson na wenzake, walioitangaza hesabu yao mwaka 2008, walikuta kwamba ndugu wa karibu wa ndagala hawatoki upande wa Bahari ya Hindi, kama ramani ingetushawishi kudhani, bali wamo katika mito ya Kongo na Afrika Magharibi, ambako wahenga wao waliingia kutoka baharini yapata miaka milioni 25 hadi 50 iliyopita, zama ambazo maji ya bahari yalifunika sehemu za nchi hizo. Samaki, basi, asili yake ni bahari. Ziwa halikuwa bahari kamwe.

Watu wa pwani, na watoto wao waliohamia mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, hawana haja ya kufundishwa kwamba kufanana si udugu. Wataalamu wa samaki walihitaji muda zaidi. Katika Tanganyika yumo samaki mwenye nundu kubwa juu ya paji la uso, Cyphotilapia frontosa, na katika Ziwa Nyasa yumo mwenye nundu kama hiyo, Cyrtocara moorii, ambaye, kwa dhihaka ya historia, amepewa jina la Moore yule yule. Wote wawili ni sikilidi, ukoo wa perege na ngege, na jicho lingewaandikia baba mmoja bila kusita. Mwaka 1993 Thomas Kocher na wenzake walionyesha kwa vinasaba kwamba mashabaha ya namna hii kati ya maziwa hayo mawili yalizuka mbali mbali: yule wa Nyasa ni ndugu wa wenzake wa Nyasa, na nundu imezaliwa mara mbili. Kinyume chake nacho kipo. Samaki wa jenasi ya Tropheus, wanaokaa miambani na ambao umbo lao ni moja tangu mwambao wetu hadi Zambia, isipokuwa rangi tu, walipopimwa na Sturmbauer na Meyer mwaka 1992 walikutwa na tofauti za vinasaba mara 6 ya zile za jamii nzima ya sikilidi wa Ziwa Viktoria, ambao kwa maumbo wametofautiana kupita kiasi.

Hata hivyo sharti tutahadhari, maana wako waliopokea kauli ya vinasaba kama hukumu isiyo na rufaa. Kazi nyingi za miaka ile zilisoma vinasaba vya mitokondria, navyo hurithiwa kwa mama peke yake, yaani zilisoma nasaba ya kukeni. Na ni nani miongoni mwetu angeridhia shajara ya ukoo wake iandikwe bila majina ya kuumeni? Mwaka 2002 Walter Salzburger na wenzake walieleza habari za Neolamprologus marunguensis, samaki wa mwambao wa Kongo, ambaye ndani ya aina hiyo moja walikutwa wenye mitokondria ya koo mbili zilizo mbalimbali, ilhali vinasaba vya kiini vilionyesha mchanganyiko wa pande zote mbili. Walioana, kwa ufupi. Shajara yenye matawi yasiyokutana tena haitoshi kuieleza nasaba ya namna hiyo. Mfano wake hasa ni mto ambao mikono yake huachana na kurudiana.

Dawa ya upungufu huo imekuwa kusoma maandishi yote. Mwaka 2014 zilichapishwa jenomu za sikilidi watano wa Afrika, na naomba msomaji aniwie radhi nikisimama kidogo kwenye majina: mmoja ni Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria, aliyebeba Kiswahili chetu na jina la Mwalimu Nyerere pamoja, na mwingine ni Neolamprologus brichardi, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya Pierre Brichard, ambaye alisafirisha samaki wa mapambo ng'ambo kutoka Bujumbura hii. Miaka 7 baadaye Fabrizia Ronco na wenzake wa Chuo Kikuu cha Basel walitoa jenomu za karibu sikilidi wote wa Tanganyika, aina zipatazo 240, wakahitimisha kwamba ukoo huu ulitawanyika ndani ya ziwa lenyewe, tena kwa vishindo, si kwa mwendo mmoja. Mutsumi Nishida, mwaka 1991, aliliona ziwa kama hodhi lililohifadhi koo kongwe. Mimi naona hodhi limethibiti. Lililobadilika ni dhana ya wale waliosema kwamba koo hizo ziliingia humo zikiwa zimekwisha kutengana.

Lakini tazama kazi hiyo kubwa imesimama juu ya nini. Herufi mamilioni za kipande cha pezi kilichotiwa katika spiriti hazisemi samaki alivuliwa wapi, kwenye mwamba au mchanga, wala kina gani. Hayo huyasema kijikaratasi, na kijikaratasi huandikwa na jicho, aghalabu likiongozwa na mvuvi. Tropheus aliyeandikwa "Burundi" tu, bila kutajwa Magara au Minago, ni shahidi aliyepotezewa kijiji chake.

Naomba basi, kwa Chuo Kikuu cha Burundi na kwa kila mtafiti apitaye hapa na visanduku vyake: kila pezi likatwalo kutoka Gatumba hadi Nyanza-Lac liachiwe pacha wake mjini Bujumbura, na kando yake liandikwe jina ambalo mvuvi alimwita samaki huyo.