Siwa ya Pujini

Katika magofu ya Pujini, kisiwani Pemba, kipo chumba chini ya ardhi, na ukutani mwake imefinyangwa kwa chokaa sura ya siwa. Kwa mapokeo ya wenyeji, ngome ile ilikuwa ya Mkama Ndume, mtawala aliyesifika kwa ukali.

Siwa ni baragumu kubwa lipulizwalo ubavuni. Ile ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu. Ile ya Lamu ni ya shaba. Haikuwa chombo cha kujifurahisha: aliyeimiliki ndiye aliyeonyesha haki yake ya kutawala.

Huko Ulaya baragumu lilishika njia nyingine. Mwaka 1818 Stölzel na Blühmel walipata mjini Berlin hati ya uvumbuzi wa vali, zilizolipa baragumu sauti zote za ngazi ya muziki. Mwaka 1824 simfoni ya tisa ya Beethoven ilisikika hadharani mjini Vienna. Muziki uliokaa katika majumba ya wakuu ulikuwa ukimwendea kila mwenye kiingilio.

Pwani, miaka hiyo ya 1820, Pemba ilitoka mikononi mwa Wamazrui ikaingia katika enzi ya Oman. Mwinyi Mkuu wa mwisho wa Unguja, mrithi wa ngoma na siwa za enzi, alifariki mwaka 1873. Sauti iliyofungamana na kiti hunyamaza kiti kianguka­po. Pujini imesalia sura, mpulizaji hayupo.