Daftari la Wageni

Simama kidogo penye soko la Mayoni, kando ya barabara inayotoka Mumias kuelekea Bungoma, utazame pande zote. Miwa iliyoziba upeo wa macho asili yake ni Guinea Mpya. Mahindi yalitoka Meksiko, mihogo Amerika ya Kusini. Mikaratusi iliyosimama mipakani mwa mashamba ni ya Australia. Ua wa lantana, alizeti mwitu inayochanua manjano kando ya njia, na mpera ulio nyuma ya jiko, asili yao ni Amerika ya kitropiki. Mwenye shamba atakwambia kwamba amevikuta, na kweli amevikuta.

Ndiyo maana kuwaandika viumbe wageni wa nchi ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Wengi walikaribishwa kwa mikono miwili, wakapewa kazi, wakazoeleka kabla ya yeyote kushika kalamu. Mahindi na mihogo vilipitia pwani katika enzi za Wareno bila kusajiliwa popote. Tulichofuata ni methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kalamu ilikuja na ukoloni. Mwaka 1902 mikaratusi iliingizwa Kenya ili kuni zake ziendeshe magarimoshi ya Reli ya Uganda. Mwaka huohuo Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, nchini Tanzania ya leo, wakapanda humo miti ya kila bara kuona ipi ingelipa. Mwaka 1934 mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alitoa orodha ya mimea ya kienyeji na ya kigeni iliyokuwa ikikuzwa kituoni hapo. Hazina ya mimea iliyokaushwa Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo inatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hiyo ndiyo kumbukumbu wanayoirejea wataalamu wakitaka kujua mmea fulani ulianza kuonekana wapi.

Lakini kuletwa ni jambo moja, kuvamia ni jingine. Kampuni ya sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973, na miwa ikabadili sura ya eneo lote la Matungu, liliko soko la Mayoni. Hata hivyo muwa hautoki shambani kwa miguu yake. Mvamizi ni yule anayejizalia na kujitawanya bila kupandwa, akawasukuma wenyeji pembeni.

Mti wa mathenge ni mmoja wao. Ulipandwa Bamburi mwaka 1973 kufufua machimbo ya mawe, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kuleta kuni na kuzuia mmomonyoko. Ulishika udongo kama ulivyoahidiwa, halafu ukashika na malisho. Maganda yake matamu yaliozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali jijini Nairobi, wakaenda na mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu, miaka 35 baada ya kupandwa Bamburi.

Ziwani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Samaki mbuta, anayeitwa sangara Tanzania, alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Akajaza viwanda vya minofu, akamaliza aina nyingi za samaki wadogo waitwao furu, zisizopatikana kwingine duniani. Gugu maji, mtoto wa Amazon, lilifika mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga bandari. Ikabidi waletwe fukusi wenye asili ya huko lilikotoka ili walile, na hao nao wakaingia katika hesabu ya wageni.

Wengine hawakuitwa na mtu. Dumuzi mkubwa, ambaye wakulima wa Kenya walimbandika jina la Osama, alivuka kutoka Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 akageuza mahindi ghalani kuwa unga. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika viligunduliwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata vilikuwa vikitafuna mahindi ya Kenya.

Leo orodha zipo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina jedwali la spishi vamizi za taifa, na upo mradi wa kimataifa unaokusanya rejista ya kila nchi. Ripoti ya mwaka 2023 ya wanasayansi wa IPBES, jopo la kimataifa la bioanuwai, ilihesabu zaidi ya spishi 37,000 zilizohamishwa na binadamu duniani, na zaidi ya 3,500 kati yake zina madhara.

Kaunti ya Kakamega, hata hivyo, inatukumbusha udhaifu wa orodha ya majina matupu. Mutere ni mti wa msitu wa Kakamega, mwenyeji halisi. Ulipopandwa Amani mwaka 1913, hondohondo walibeba mbegu zake, na mutere ukawa mvamizi wa misitu ya Usambara. Mpera nao, mgeni anayeshutumiwa kuvamia msitu wa Kakamega, huwavutia ndege mashambani, na chini yake huchipua miti ya asili kutokana na mbegu wanazodondosha. Na kiduha, gugu ambalo wakulima wa magharibi huliita kayongo, ni cha Afrika hii hii. Kilikuwa kikinyonya mtama hata kabla ya mahindi kuja kukiongezea karamu.

Kwa hiyo jina halitoshi. Daftari la maana huandika pia kiumbe kimetoka wapi, nani alikileta, kwa kazi gani, na kinafanya nini mahali kilipo sasa. Na daftari hilo haliwezi kujazwa Nairobi pekee. Gugu karoti, lililotangazwa kuwa haribifu nchini mwaka 2010, linaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000 kwa mmea mmoja, hivyo anayeliona kwanza shambani ndiye anayeweza kuliwahi. Msomaji, ukiona mmea usioujua umeota kando ya mtaro wako, mwite afisa wa kilimo kabla haujachanua.