Kabla ya Viti Vinavyolala Kulikuwa na Tezi: Unguja na Safari za Wenye Nazo

Siku hizi staa akikaa mbele kwenye ndege, picha ya glasi na pajama inafika mjini kabla yake mwenyewe. Sawa, raha zake. Ila Unguja inaijua zamani hii habari ya kununua nafasi nzuri safarini, na mwanzoni wakubwa hawakukaa mbele. Walikaa nyuma.

Kwenye majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni, tezi, yaani ile sehemu ya nyuma iliyoinuka, ilikuwa ya nahodha na wafanyabiashara. Huko ndiko kulikokuwa na zulia na kahawa. Abiria wengine walijibana katikati juu ya mizigo, jua lao, mvua yao. Wanawake walifungiwa chini kwenye chumba chenye giza wasionekane, wiki baada ya wiki mpaka nchi kavu. Kwa hiyo anayesema zamani safari zilikuwa tamu, kwanza aulizwe alikuwa amekaa upande gani.

Mwaka 1872 meli za moshi za British India zikaanza kuleta barua Unguja kutoka Aden. Meli haingoji upepo, na tikiti yake ina daraja. Waliotamba zaidi baadaye ni dada wawili, Kampala ya 1947 na Karanja ya 1948, waliokuwa wakienda Bombay hadi Durban wakipitia Shelisheli, Mombasa, Unguja na Dar. Wa daraja la kwanza alikuwa na kabini yake, meza ya kitambaa cheupe na mtu wa kumhudumia. Wa sitahani alipanda na mkeka wake na godoro lake. Humo walipita wenye maduka wa Mji Mkongwe wakienda kuoa India, mabibi harusi wakija kwa mara ya kwanza, makarani wakirudi likizo. Jamani, ukoo mmoja ungeweza kupanda meli hiyohiyo, baba yuko juu, binamu yuko sitahani!

Angani nako ubaguzi haukuchelewa. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilianza kutoka Southampton hadi Durban, zikitua Mombasa, Dar na Lindi. Abiria hawakufika 30, daraja lilikuwa moja tu, la matajiri. Usiku ndege ilitua, watu wakaenda kulala hotelini. Kitanda hakikuwa kwenye ndege, kilikuwa chini!

Sasa sehemu ambayo wadau wengi hawaijui. Zanzibar iliwahi kuwa mwenye mali kwenye shirika la ndege la safari ndefu. East African Airways lilianza mwaka 1946, likimilikiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hisa za Zanzibar zilikuwa kidogo sana, chembe, lakini zilikuwepo. Shirika lilianza na vindege vidogo vya Dragon Rapide. Mwaka 1960 likawa na jeti za Comet, na 1966 zikaja Super VC10. Hizo VC10 zilikuwa na injini nne, zote mkiani, kwa hiyo kelele zilibaki nyuma na wa daraja la kwanza walisafiri kimya kimya hadi London. Wahudumu walikuwa vijana wa Afrika Mashariki. Mtu wa pwani aliweza kuagiza chai kwa Kiswahili juu ya Ulaya.

Mwaka 1977 likafa. Nchi wanachama ziligombana kuhusu hela, Jumuiya ikavunjika mwaka huohuo. Tangu hapo raha ya safari ndefu kutoka Unguja imekuwa ya kukodi kwa watu.

Basi tulinganishe hao watu. Oman Air wanakukaribisha kwa kahawa na tende, na kwa familia za Unguja zenye ndugu Maskati hilo si pambo, ni kama kuingia nyumbani kwa shangazi. Turkish wana wapishi wenye kofia nyeupe kwenye safari ndefu, na kwa chakula ni vigumu kuwashinda. Flydubai walianza na kiti cha kuegemea tu, kitanda kikaja na 737 MAX. Qatar ndio wenye Qsuite ya mwaka 2017, kile chumba chenye mlango ambacho kila mtu anakipiga picha. Lakini hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini: Qsuite haipo kwenye kila ndege, hata Dreamliner zao za 787-8 hazina. Unalipia tangazo, halafu kipande cha Doha hadi Unguja unaweza kupewa kiti kingine kabisa. Anayetumia hela yake aulize aina ya ndege kwa kila kipande, si jina la shirika. Na aangalie saa. Kitanda usiku kina thamani, mchana ni sofa ya gharama.

Air Tanzania nao, tangu 2018, wana Dreamliner yenye viti 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida, na kutoka Dar wamekuwa wakienda Mumbai, ileile Bombay ya Karanja. Karanja ilitia nanga Unguja. Mwenye duka wa Darajani anayetaka kimoja cha hivyo viti 22, kwanza avuke bahari mpaka Dar, kwa boti au kindege cha dakika 20, begi mkononi, foleni sawa na wenzake.