Chungu cha Bibi na Historia ya Usambara

Masimulizi ya kuanzishwa kwa utawala wa Wakilindi katika milima ya Usambara huanzia kwenye nyama. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, alitengwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Alipofika milimani akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia Washambaa nyama, nao wakampa vyakula vya mashamba yao. Kutokana na kupeana huko akafanywa mtawala, na Vuga ikawa makao ya ukoo wake. Hayo yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa Magila sehemu baada ya sehemu kuanzia mwaka 1895, kisha kikatolewa tena mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen.

Wanahistoria wameikubali nyama ya Mbegha kuwa jambo la kisiasa. Chungu cha bibi, kwa upande wake, huachwa jikoni, kana kwamba kumbukumbu za mlo wa utotoni ni mazungumzo ya kupitishia jioni tu. Mgawanyo huo hauna msingi. Katika Kishambaa, mtawala husifiwa kwa *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na hulaumiwa kwa *kubana shi*, kuiharibu. Na dalili ya kwanza ya nchi iliyoponywa au kuharibiwa ni mvua na shibe. Kwa hiyo anayeeleza alichokula utotoni anaeleza pia jinsi alivyotawaliwa, ajue asijue.

Zamani chakula kikuu cha milimani kilikuwa ndizi. Mgomba ulizunguka nyumba, ukavunwa mwaka mzima, nao haukuhitaji ghala. Katika karne ya 20 mahindi yalichukua nafasi hiyo, na ugali ukawa ndio chakula chenyewe, hata vijana wengi wakadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Mbegha. Kando ya sahani kuna historia nyingine fupi: viazi, kabichi, na matunda ya nchi za baridi, vilivyokuja na walowezi wa Kijerumani walioiita Lushoto kwa jina la Wilhelmstal.

Aliyekuwa mtoto Mlalo mwaka 1946 leo amepita miaka 80. Mwaka huo Waingereza walianzisha huko mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa kwingineko milimani. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta. Katika majalada ya serikali, matuta ni habari ya mmomonyoko. Katika kumbukumbu za nyumbani, ni habari ya mama aliyechelewa kurudi, na moto uliochelewa kuwashwa. Jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake, na kazi mpya iliongezwa juu ya palizi, kuni na maji. Steven Feierman, ambaye aliwasikiliza wazee wa Usambara tangu miaka ya 1960, ameonyesha jinsi upinzani dhidi ya matuta ulivyoungana na siasa za kudai uhuru. Mpango uliachwa mwaka 1957.

Mboga nazo zina ushahidi wake. Mwaka 1979 Anne Fleuret alichapisha uchunguzi juu ya nafasi ya majani ya porini katika mlo wa Lushoto, majani ambayo takwimu za kilimo haziyahesabu kwa sababu hayapandwi wala hayalipiwi ushuru. Waliyoyachuma walikuwa wanawake na watoto, na wao ndio wanaokumbuka yalikuwa yakiota wapi. Shamba linapolimwa kabichi ya kuteremshwa Mombo hadi masoko ya Dar es Salaam, mnavu huwa gugu la kung'olewa.

Ushahidi huu una masharti yake. Mzee akiulizwa utotoni walikula nini, aghalabu atajibu, "Chakula tu, mwanangu, ugali na mboga," kwa kuwa hilo ndilo jibu la heshima kwa mgeni. Swali lifaalo ni jingine: bibi yake yeye alipika nini, nani aligawa, na nani alipewa mwisho. Hapo ndipo ndizi hurudi chunguni, na kwa kawaida huja na jina la mwaka wa njaa.