Golf GTI lililolala miaka mingi: Kwa nini ufunguo huja mwisho

GARI lililohifadhiwa bandani kwa miaka 20 huonekana kama limepumzika tu. Bodi ina vumbi, matairi yamepungua upepo, lakini usukani, viti na saa za dashibodi viko kama vilivyoachwa. Ndiyo maana mtu anayelirithi au kulinunua huvutwa na jambo moja kabla ya mengine yote: kufunga betri mpya, kumimina petroli na kuzungusha ufunguo ajue kama litawaka.

Kwa Volkswagen Golf GTI la toleo la kwanza, tendo hilo la dakika kumi linaweza kuleta hasara kubwa kuliko ile iliyoletwa na miaka yote 20 ya kusimama.

Golf GTI lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, Ujerumani, mwezi Septemba 1975, na likaanza kuuzwa Juni 1976. Golf la kawaida, lililochorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, lilikuwa limetoka miaka miwili kabla. Hili jipya lilikuwa kazi ya kikundi kidogo cha wahandisi wa Wolfsburg, ambao mwanzoni waliifanya kwa siri, nje ya mipango rasmi ya kampuni. Walichukua gari la familia lenye uzito wa takriban kilo 810, wakalitia injini ya sentimita za ujazo 1,588 yenye nguvu za farasi 110, na likafikia mwendo wa kilomita 182 kwa saa.

Kampuni ilitarajia kuuza magari 5,000 tu. Hadi toleo hilo lilipokoma, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 460,000.

Mambo yanayolitambulisha hadi leo ni madogo: mstari mwekundu kuzunguka grili, viti vya kitambaa cha mirabamiraba, na kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Vitambaa na kirungu hicho vilibuniwa na Gunhild Liljequist, mmoja wa wanawake wachache waliokuwamo katika idara ya usanifu ya Volkswagen wakati huo.

Magari ya aina hiyo, yaani madogo, mepesi, yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake na injini yenye nguvu kuliko umbo, yalipendwa mno Ulaya katika miaka ya 1980. Yalipendwa na wezi vilevile. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bima ya magari hayo ilipanda kiasi kwamba vijana wengi hawakuimudu. Baadhi ya magari yaliuzwa kwa bei ya kutupa, mengine yakachinjwa kwa ajili ya vipuri, na mengine yakasukumwa bandani kusubiri siku bora. Hayo ya mwisho ndiyo yanayotolewa sasa, na ndiyo yenye thamani, kwa kuwa hayakuchezewa na mikono mingi.

Kinachoharibu gari lililosimama si umri peke yake. Ni vitu vinavyotakiwa kutembea vikikosa kutembea. Oili hushuka yote kwenye sampo na kuziacha kuta za silinda zikiwa kavu. Mafuta ya breki, ambayo kwa asili hufyonza unyevu wa hewani, hukusanya maji ndani ya mabomba. Maji ya rejeta hupoteza dawa yake ya kuzuia kutu, na katika injini hii yenye bloku ya chuma na kichwa cha aluminiamu, metali hizo mbili huanza kulana. Mpira wa mihuri hukauka. Panya hujenga.

Lakini kitu kinachooza kwa namna ya hatari zaidi ni petroli.

Petroli ikikaa miaka hupoteza sehemu zake nyepesi na kubakiza utomvu mzito unaonata kama gundi. Katika gari la kabureta, fundi hufungua, husafisha na kufunga. Golf GTI halina kabureta. Lina mfumo wa kunyunyiza mafuta wa Bosch uitwao K-Jetronic, ulioanza kutumika mwaka 1973, na unaofanya kazi bila kompyuta. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani ya duara. Sahani huinua mkono. Mkono husukuma mchi mdogo wa chuma ndani ya kigawa-mafuta, na kadiri mchi unavyopanda ndivyo petroli nyingi zaidi inavyopelekwa kwenye nozeli nne. Shinikizo ndani ya mfumo hukaribia bar 5, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la kawaida.

Mchi huo hupita katika tundu lililochongwa kwa usahihi mkubwa, lenye nafasi ndogo mno. Utomvu kidogo tu unatosha kuunasa.

Hapo ndipo haraka inapoadhibiwa. Mchi ulionasa chini huzuia injini kuwaka, na huo ni usumbufu tu. Mchi ulionasa juu huruhusu petroli kumiminika kwenye silinda wakati wote pampu inapofanya kazi. Petroli haibanwi kama hewa. Pistoni inayopanda ikikuta silinda imejaa kimiminika, kinachopinda ni mkono wa pistoni, na gari lililokuwa na injini nzima asubuhi huwa na injini ya kufumuliwa jioni.

Kwa sababu hiyo, utaratibu unaofuatwa na mafundi makini huanzia nyuma ya gari na si kwenye ufunguo. Petroli yote ya zamani humwagwa na tangi hushushwa. Tangi la toleo hili ni la bati, na mara nyingi kutu yake haianzii ndani bali kwenye shingo ya kujazia, pale inapopita karibu na gurudumu la nyuma na kurushiwa tope. Chembe za kutu hiyo husafiri hadi kwenye pampu, kisha kwenye chujio, na zikipita hapo huishia kwenye nozeli. Tangi husafishwa au kubadilishwa, mabomba ya mpira hubadilishwa yote, na chujio huwekwa jipya.

Mabomba hayo hayafai kuokolewa hata kama yanaonekana mazima. Petroli ya leo Ulaya ina ethanoli. Ile yenye hadi asilimia 10 ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 2011 na ikawa ya kawaida Uingereza mwaka 2021. Ethanoli huvuta maji na hula mpira wa zamani ambao haukutengenezwa kwa ajili yake. Bomba linalovuja kwa shinikizo la bar 5 juu ya injini ya moto ni moto unaosubiri cheche, na magari kadhaa yaliyofufuliwa kwa gharama kubwa yameishia hivyo.

Baadaye pampu huwashwa peke yake, huku mafuta yakielekezwa kwenye chombo, ili uchafu uliobaki utoke kabla ya kufikia kigawa-mafuta. Mfumo ukishaunganishwa, sahani ya hewa huinuliwa kwa kidole: inapaswa kuleta ukinzani laini na ulio sawa njia nzima. Ikikwama, au ikipanda bila uzito wowote, mchi haufuati. Nozeli nne nazo huchomolewa na kuelekezwa kwenye chupa nne za kioo. Dakika moja ya jaribio hilo huonesha mengi, kwani chupa zikijaa kwa viwango tofauti hakuna haja ya kubishana.

Injini yenyewe huhitaji subira ya aina nyingine. Plagi hutolewa, matone ya oili nyepesi huwekwa katika kila silinda na kuachwa kwa siku moja au zaidi. Kisha injini huzungushwa kwa spana kwenye boliti ya krankishafti, taratibu, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, hailazimishwi; ringi iliyoshikwa na kutu huachia kwa oili na muda, si kwa nguvu.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kabla ya stata kuguswa. Katika injini hii mkanda huo hauzungushi kamshafti tu. Huzungusha pia mhimili wa kati unaoendesha pampu ya oili. Mkanda uliokauka ukikatika, oili nayo husimama. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba kuuacha wa zamani ni ubahili usio na maana.

Ndipo stata huzungushwa, plagi zikiwa nje na pampu ya mafuta ikiwa imezimwa, mpaka taa ya oili izimike. Baada ya hapo tu plagi hurudishwa na petroli kufunguliwa.

Yote haya, hata hivyo, ni kazi bure ikiwa bodi haikukaguliwa kwanza. Wengi hufufua injini, hufurahia mlio wake, kisha huinua gari na kukuta hakuna kitu cha kulibeba. Golf la toleo la kwanza hupata kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, sehemu za juu zinaposhikiliwa shokapu za mbele, na fremu ya kioo cha mbele. Hii ya mwisho hudanganya sana. Kovu dogo la rangi pembeni mwa kioo linaweza kuwa tundu chini ya mpira, na maji yanayopitia hapo hudondokea kwenye sanduku la fyuzi lililo chini ya dashibodi. Hitilafu za umeme zinazowachosha mafundi kwa wiki nzima, taa inayowaka yenyewe au waipa inayokataa, mara nyingi chanzo chake ni tundu hilo.

Bati lililooza hukatwa na kipande kipya kuchomelewa. Kufunika kwa lami au kwa unga wa bodi ni kuahirisha, tena kwa gharama, kwa sababu kutu huendelea kula chini ya rangi mpya. Kazi ikiisha, nta humiminwa ndani ya vizingiti na mashimo yote yaliyofichika.

Breki hazina mjadala: mafuta, mabomba ya mpira, silinda za magurudumu na masta silinda hubadilishwa au kufanyiwa ukarabati kamili. Gari lililoachwa na breki ya mkono ikiwa imevutwa huwa na ngoma za nyuma zilizogandamana na viatu vyake. Magari yenye usukani wa kulia, yaliyoanza kuuzwa rasmi Uingereza mwaka 1979, yana kasoro ya ziada ya kuzaliwa: masta silinda ilibaki upande wa kushoto, na pedali huunganishwa nayo kwa fimbo ndefu inayovuka gari. Viungo vya fimbo hiyo vikichakaa, pedali huwa laini hata pale kila kitu kingine kikiwa kipya. Atakayelipata gari kama hilo katika nchi zetu zinazoendesha kushoto hana budi kuanza na viungo hivyo.

Matairi yenye kashata nzuri nayo huwadanganya wengi. Kwa yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarakimu nne ubavuni hueleza kila kitu: 2304 ni wiki ya 23 ya mwaka 2004. Tairi hilo halifai barabarani hata kama halijawahi kutembea kilomita moja.

Linabaki swali gumu zaidi, la kiasi gani cha kubadilisha. Ujerumani hutoa namba maalumu za usajili, zenye herufi H, kwa magari yaliyofikisha miaka 30, kwa sharti kwamba yawe katika hali nzuri na karibu na yalivyotoka kiwandani. Katika mashindano ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, waamuzi hukagua hadi chini ya gari. Kiti cha mirabamiraba kilichofifia lakini hakijachanika kina thamani kuliko ngozi mpya, na rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo ni ushahidi ambao hakuna fundi awezaye kuurudisha akishaupiga msasa. Volkswagen ina kitengo chake cha vipuri vya magari ya zamani, Classic Parts, huko Wolfsburg, lakini si kila kipande kinapatikana, na hivyo hakuna kitu cha asili kinachopaswa kutupwa kabla ya mbadala wake kuwa mkononi na kujaribiwa kama unaingia.

Uingereza imekwenda njia nyingine. Tangu Mei 2018 gari lililozidi miaka 40, kama halikufanyiwa mabadiliko makubwa, halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Ni unafuu kwa mwenye gari lililotunzwa. Kwa lile lililotoka bandani jana, ni mtego. Wenye busara hulipeleka kwa hiari yao.

Safari ya kwanza huwa fupi, karibu na nyumbani, kizima-moto kikiwa ndani ya gari. Injini huachwa ipate joto kamili na kupoa mara kadhaa, huku mabomba ya petroli na ya rejeta yakitazamwa kila mara. Oili mpya iliyotiwa mwanzoni humwagwa tena baada ya kilomita mia chache, na hutoka nyeusi, kwa kuwa imebeba uchafu wa miaka yote ile.